Joto na Mwendo: Mwongozo wa Kugawa Nguvu katika Mbio za Vijia za Majira ya Baridi

Mbio za vijia ni mbio zinazofanyika nje ya barabara za kawaida, katika njia nyembamba za msituni, mashambani na milimani, ambako ardhi hubadilika kila baada ya hatua chache na ambako mwinuko humchosha mkimbiaji kuliko urefu wa njia wenyewe. Zinapofanyika katika majira ya baridi ya nchi za kaskazini, kati ya Novemba na Machi, mambo hayo mawili, yaani umbali na mwinuko, huongezewa la tatu ambalo wanariadha wengi wa ridhaa hulifikiria siku ya kuchagua nguo na kulisahau wanapopanga mwendo, nalo ni joto la mwili. Mwongozo huu unamhusu mwanariadha wa ridhaa, yaani yule anayekimbia kwa kupenda huku akiishi kwa kazi nyingine, na hoja yake ni kwamba katika mbio za namna hii kugawa nguvu na kutunza joto ni kazi moja, kwa sababu anayekosea katika la kwanza hulipia katika la pili kabla hata hajapoteza dakika nyingi.

Mfano utakaotumika ni SaintéLyon, mbio za usiku za nchini Ufaransa zinazotoka Saint-Étienne kwenda Lyon kupitia vilima vya Monts du Lyonnais. Zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kama matembezi ya baridi ya waendesha baiskeli wa Lyon, waliotaka kujiweka sawa katika miezi ambayo baiskeli hulala, na mwaka 1977 zikafunguliwa kwa wakimbiaji. Siku hizi hufanyika mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba na kuwavuta maelfu ya washiriki, wengi wao wakiwa wa ridhaa. Njia hubadilishwa kidogo mwaka hadi mwaka, lakini umbali wake wa miaka ya karibuni umekuwa kama kilomita 78, na jumla ya miinuko yake ni takriban mita 2,000. Mbio huanza Jumamosi karibu saa 5:30 usiku, ilhali jua la Desemba huchomoza Lyon baada tu ya saa 2 asubuhi, kwa hiyo hata mkimbiaji mzuri anayemaliza kwa saa tisa hukimbia karibu muda wote kwa mwanga wa taa ya kichwani. Saint-Étienne iko zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, njia hupanda hadi kupita mita 800 katika nusu ya kwanza, kisha hushuka kwa mikunjo mingi hadi Lyon, ambako mto Rhône unapita kwenye mita 170 hivi. Umbo hilo la njia ni la kukumbukwa, kwa kuwa baridi kali na upepo humkuta mkimbiaji angali na nguvu, na miteremko mirefu humkuta misuli ikiwa imeshachoka.

Ili kuelewa kwa nini mwendo na joto haviachani, ni lazima kwanza kutazama mwili unavyotumia chakula. Katika kukimbia, sehemu ndogo tu ya nishati, kati ya moja ya tano na robo, ndiyo inayogeuka kuwa mwendo, na iliyobaki yote hutoka kama joto, jambo linaloeleza kwa nini mtu anayekimbia katika nyuzi 5 chini ya sifuri anaweza kuvaa nguo nyepesi na asidhurike. Mkimbiaji mwenye kilo 70 anayekwenda kilomita 8 kwa saa huchoma takriban kilokalori 560 katika saa hiyo, lakini akichoka na kuanza kutembea taratibu, kiasi hicho hushuka chini ya nusu, na joto linalotoka mwilini hushuka pamoja nacho, huku hewa ya nje ikibaki ileile. Mbaya zaidi, aliyechoka kwa sababu ya kukimbia kupita kiasi mwanzoni huwa pia amelowa jasho, na nguo iliyolowa hupitisha joto kwenda nje kwa kasi kubwa kuliko nguo kavu. Hivyo yule aliyekuwa akivuka wenzake saa 6 usiku ndiye anayeonekana saa 10 alfajiri akitembea mabega yakiwa yamepanda hadi masikioni. Jiko lake limezimika na koti lake limegeuka kuwa kitambaa cha maji, ilhali kituo kinachofuata kiko kilomita kumi mbele.

Upepo huzidisha hesabu hiyo. Katika nyuzi 5 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 20 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi ipoteze joto kana kwamba hewa iko kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, na juu ya migongo ya vilima isiyo na miti upepo wa namna hiyo ni jambo la kawaida.

Msomaji aliyezoea kufuatilia mbio za barabarani atakumbuka kwamba ustadi wa marathoni hupimwa kwa usawa wa mwendo. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 mjini Chicago mwaka 2023, nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 60 na sekunde 48 na ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47, tofauti ya takriban dakika moja katika kilomita 42. Hekima iliyomo humo, ya kuanza kwa kiasi na kumaliza kwa nguvu, inafaa kabisa katika mbio za vijia, lakini kipimo chake, yaani dakika kwa kila kilomita, hakifai hata kidogo, kwa sababu kilomita moja ya kupanda kwenye tope na kilomita moja ya kushuka kwenye lami hazilingani kwa lolote isipokuwa urefu. Kinachotakiwa kuwa sawa ni juhudi, yaani kiasi cha kazi ambacho moyo, mapafu na misuli vinafanya katika dakika yoyote ile, na kasi iachwe ipande na kushuka yenyewe kulingana na ardhi.

Tofauti hiyo imepimwa maabara. Mtafiti Mwitaliano Alberto Minetti na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba nishati ya kukimbia mita moja kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani njia inayopanda mita 10 katika kila mita 100, hufikia karibu mara moja na theluthi mbili ya nishati ya kukimbia mita hiyo kwenye tambarare, na kwenye mwinuko wa asilimia 20 hufikia mara mbili na nusu. Kwa hiyo mkimbiaji anayejaribu kushika kwenye kilima kasi aliyokuwa nayo kwenye tambarare anauambia mwili wake ufanye kazi maradufu bila taarifa, na mwili hutii kwa dakika chache, kisha hudai deni lake. Kwa mwanariadha wa ridhaa, kanuni salama ni kutembea katika kila mwinuko ambao kuukimbia kungemfanya ahemewe, tena atembee kwa nguvu, kiwiliwili kikiinama mbele kidogo, viganja vikisukuma juu ya magoti pale panapokuwa pakali, na atembee tangu kilima cha kwanza angali mzima, kwa sababu kutembea kwa hiari mapema huzuia kutembea kwa lazima baadaye. Waongozaji wa Kilimanjaro, ambao huwapandisha wageni kileleni kuanzia karibu saa 6 usiku katika baridi kali, huwarudia wageni hao neno "pole pole" tangu siku ya kwanza mguuni pa mlima. Wageni wengi hulichukua kama maneno ya ukarimu, ilhali ni hesabu ya nishati na oksijeni iliyofupishwa kwa maneno mawili, na mkimbiaji wa baridi atafanya vema kuielewa hivyo.

Kipimo cha juhudi kilicho rahisi kuliko vyote ni pumzi. Anayeweza kusema sentensi nzima bila kukatika yuko katika mwendo anaoweza kuushika kwa saa nyingi. Anayetoa maneno matatu au manne kisha akavuta hewa yuko ukingoni. Na anayejibu kwa neno moja tu amevuka mpaka, na katika mbio za kilomita 78 hana sababu ya kuwa huko kabla ya kilomita za mwisho. Saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo husaidia, lakini zile zinazosoma mapigo kwa mwanga kwenye kifundo cha mkono hukosea mara nyingi katika baridi, kwa kuwa damu huondoka kwenye ngozi ya mikono ili kulinda viungo vya ndani. Pumzi haina kasoro hiyo, na haihitaji mkimbiaji avute mkono wa koti ili kuiangalia.

Mtego mkubwa kuliko yote uko katika saa ya kwanza. Njia ya SaintéLyon huanza kwa kilomita kadhaa za lami zinazotoka mjini, muziki ukiwa bado masikioni na maelfu ya watu wakisukumana, na kila mmoja amekuwa akisubiri kwenye baridi kwa muda mrefu kiasi cha kutamani kukimbia ili apate joto. Tuseme mkimbiaji amepanga kumaliza kwa saa 11, ambayo ni wastani wa kama dakika 8 na nusu kwa kilomita pamoja na vituo. Akizikimbia kilomita 7 za mwanzo kwa dakika 5 na nusu kila moja badala ya 6 na nusu, anajipatia dakika 7. Ikiwa ziada hiyo ya juhudi itamlazimu kutembea kilomita 15 za mwisho kwa dakika 12 kila moja badala ya 8 na nusu, atapoteza dakika zaidi ya 50. Hesabu hiyo ni nyepesi, na bado kila mwaka wako wanaoifanya kinyume, kwa sababu dakika 7 huonekana kwenye saa papo hapo na zile 50 zimejificha upande wa pili wa usiku. Lipo pia suala la msongamano, kwani njia inapoacha lami na kuwa nyembamba, watu hupanga foleni, na wapo wanaoona kwamba kukimbia haraka mwanzoni ndiyo dawa ya foleni hiyo. Kwa mshindani wa mbele hoja hiyo ina uzito, lakini kwa mkimbiaji wa katikati ya kundi foleni ni pumziko la bure, na kinachomchosha hasa ni kuruka kushoto na kulia kwenye majani yenye barafu ili kuwavuka watu sita, ambao atawakuta mbele yake tena kwenye kilima.

Katika mstari wa kuanzia, nguo zinapaswa kumwacha mkimbiaji akihisi baridi kidogo. Mtu anayejisikia vizuri akiwa amesimama atakuwa ameloa jasho baada ya dakika ishirini, kwa hiyo fulana ya kutunzia joto huvuliwa dakika chache kabla ya kuanza, au nguo kuukuu hutumika kwa kusubiria kisha huachwa mahali palipotengwa. Ngozini hufaa kitambaa cha sufu nyepesi au cha nyuzi za viwandani, kwa kuwa pamba hunywa jasho na kulishikilia. Juu yake huja koti jembamba la kuzuia upepo lenye zipu ndefu, na zipu hiyo ndiyo chombo cha kwanza cha kudhibiti joto. Hufunguliwa chini ya kilima kabla jasho halijaanza na kufungwa mita hamsini kabla ya kilele, wakati mwili ungali na moto, maana anayengoja hadi upepo umpige huwa amekwisha kupoteza alichotaka kukilinda. Aliyekulia mwambao wa Afrika Mashariki na sasa anaishi Ulaya huwa na uvumilivu mkubwa wa jua ambao haumsaidii hapa, na sehemu ya kwanza kumsaliti ni vidole. Glavu mbili, moja nyembamba ndani ya nyingine isiyopitisha upepo, zina thamani kuliko viatu vya bei mbaya, kwani vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kufungua zipu wala kurarua pakiti ya chakula, na kuanzia hapo mipango yote ya mwendo na ulaji hubaki kichwani tu.

Ardhi ya majira ya baridi ina hali nyingi, na kila hali inadai mwendo wake. Theluji mpya isiyokanyagwa hulainisha hatua lakini hula nguvu, kwa hiyo ni vema kufuata nyayo za waliotangulia hata kama zinapinda. Theluji iliyokanyagwa na watu elfu mbili hugeuka kuwa sahani ngumu, ambako hatua fupi za haraka, mguu ukitua chini ya nyonga na si mbele yake, huzuia kuteleza. Tope lililoganda usiku hutoa sauti kavu chini ya kiatu, kama mkate uliookwa mara mbili, na hukimbilika vizuri mradi vifundo viangaliwe kwenye makovu ya magurudumu ya trekta. Tope hilohilo likiyeyuka hushika kiatu na kuongeza uzito katika kila hatua. Hatari ya kweli ni barafu ya kioo, yaani tabaka jembamba linaloganda juu ya lami au mawe bila rangi yake yoyote, likionekana kama maji tu. Dalili yake ni mng'ao mkali kupita kiasi chini ya taa, na mahali pake ni daraja, kivuli cha ukuta, na pale chemchemi inapokatiza njia. Mkimbiaji anayeona mng'ao huo hushuka mara moja kwenye ukingo wenye majani, na ikiwa barafu imefunika njia yote, hutembea nyayo zikilala bapa. Wengine hubeba njumu ndogo za chuma zinazovutwa juu ya viatu, nazo zinafaa pale barafu inapoendelea kwa kilomita kadhaa, lakini kwa vipande vya mita mia mia muda wa kuzivaa na kuzivua kwa vidole baridi huwa mrefu kuliko muda wa kutembea. Kama zinaruhusiwa, pamoja na fimbo za kutembelea, ni jambo la kusomwa katika kanuni za mbio mapema.

Taa nayo ni sehemu ya mbinu. Betri hupungukiwa uwezo katika baridi, kwa hiyo ya akiba huwekwa karibu na mwili, ndani ya koti, na haiachwi kwenye mfuko wa nje wa mkoba. Ukungu ukishuka, mwanga wa taa ya kichwani hugonga matone ya maji mbele ya macho na kurudi kama ukuta mweupe, na mkimbiaji huona pumzi yake mwenyewe kuliko njia. Dawa yake ni kuivua na kuishika mkononi usawa wa kiuno, ili mwanga upite chini ya ukungu na mawe yapate vivuli. Mtu asiyeona vizuri hupunguza kasi kwa woga na kukaza misuli bila kujua, na mkazo huo wa saa nzima humchosha kuliko kilima.

Kushuka ndiko kunakodanganya kuliko kupanda, na ndiko kunakostahili kufikiriwa zaidi katika njia kama hii inayoishia chini kuliko ilikoanzia. Vipimo vilevile vya Minetti vilionyesha kwamba kwenye mteremko wa asilimia 20 mita moja hugharimu kama nusu tu ya nishati ya tambarare, hivyo pumzi hutulia na mkimbiaji hudhani kwamba anapumzika. Lakini nishati ni upande mmoja wa gharama. Katika kushuka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki, ikijikaza huku ikivutwa kurefuka, na aina hiyo ya kazi huchana nyuzi ndogondogo za misuli kwa namna ambayo hakuna chakula kitakachoirekebisha usiku huohuo. Anayerukaruka kwa furaha kwenye mteremko wa kwanza huhesabiwa uharibifu huo kimyakimya, na hupewa jumla yake baada ya kituo cha Soucieu-en-Jarrest, ambako njia inashuka kuelekea Lyon na ingekuwa rahisi kukimbia kama mapaja yangekuwa bado yanakubali. Katika theluthi mbili za mwanzo, miteremko ishukwe kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea, mikono ikiwa wazi kidogo kwa mizani, na macho yakitazama mita nne au tano mbele, wala yasigande kwenye ncha ya kiatu. Atakayepitwa na watu ishirini hapo asitaharuki, kwa sababu wengi wao atawapata kabla ya kufika Lyon.

Katika chakula, ugumu uko katika kula hasa, kwani kiasi chenyewe kinajulikana. Akiba ya glaikojeni, ambayo ni wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini, haizidi sana kilokalori 2,000, na safari ya kilomita 78 kwa mtu wa kilo 70 inadai zaidi ya 5,000. Mafuta ya mwili hutoa sehemu kubwa ya pengo hilo pale tu mwendo unapokuwa wa wastani, na hii ni sababu nyingine ya kutunza pumzi. Mbali na hayo, gramu 40 hadi 60 za wanga katika kila saa ni kiasi ambacho matumbo mengi hukipokea, mradi yamezoeshwa katika mazoezi. Baridi huingilia hapa kwa hila kadhaa, kwani huifanya jeli ya sukari kuwa ngumu kama gundi ya mbao, hugandisha maji katika mrija wa mkoba, na huzima kiu, huku ikiongeza haja ya kukojoa, hivyo mtu hukauka bila kuhisi. Pakiti ziwekwe kwenye mfuko wa kifuani unaopata joto la mwili na zikatwe pembe kabla ya kuanza. Baada ya kunywa, mkimbiaji apulize hewa ndani ya mrija ili maji yarudi kwenye mfuko na yasigande njiani. Kengele ya saa ya mkononi ilie kila dakika ishirini na iheshimiwe, hata kama tumbo linasema halina njaa, kwa kuwa katika baridi njaa hufika ikiwa imechelewa na hufika pamoja na kutetemeka.

Vituo vya huduma, yaani mahali pa kupata maji, chai, supu na chakula, katika mbio hizi ni pamoja na Saint-Christo-en-Jarez, Sainte-Catherine, Soucieu-en-Jarrest na Chaponost, na tofauti ya dakika nyingi kati ya wakimbiaji wenye uwezo sawa hutokea hapo bila mtu kukimbia hata hatua moja. Dakika 12 katika kila kimoja cha vituo vinne ni dakika 48. Dakika 5 ni 20. Hata hivyo saa siyo hoja kubwa. Mwili unaposimama, joto hushuka mara moja huku jasho likiendelea kupoa kwenye ngozi, na mtu aliyekaa kwenye benchi karibu na kipasha joto hutoka nje akiwa anatetemeka, akihitaji kilomita mbili za kukimbia kwa nguvu ili arudi alipokuwa, nguvu ambazo hakuzipanga. Kwa hiyo kinachotakiwa kiamuliwe kabla ya kufika, mita mia mbili nje: chupa gani ijazwe, nini kiliwe, nini kivaliwe. Chai au supu hunywewa kwa kusimama, chakula kigumu hubebwa mkononi na kuliwa wakati wa kutembea kuondoka, na ikiwa kuna fulana kavu ya kubadili, hubadilishwa ndani na haraka, koti likifungwa hadi shingoni kabla mlango haujafunguliwa.

Sainte-Catherine, iliyo baada ya kilomita 30 na kitu, inastahili maelezo yake yenyewe. Mkimbiaji wa saa 11 hufika hapo karibu saa 10 alfajiri, wakati ambapo joto la mwili wa binadamu, kwa saa yake ya asili, liko karibu na kiwango chake cha chini kabisa na usingizi uko juu kabisa, naye bado hajafika nusu ya njia. Hali ya kukata tamaa inayokuja hapo ina sababu ya kimwili na kwa kawaida hupungua kukipambazuka, na anayelijua hilo mapema hufanya maamuzi bora. Asiongeze mwendo ili kuikimbia, wala asijiondoe mashindanoni akiwa ameketi. Ale, avae, atoke, na atembee dakika kumi kabla ya kujihoji.

Lakini iko hali ambayo uvumilivu hauruhusiwi. Haipothemia, yaani joto la ndani la mwili kushuka chini ya nyuzi 35, huanza na kutetemeka kusikozuilika, kisha vidole hushindwa kazi ndogo, ulimi huwa mzito na maneno huburuzika, hatua huyumba, na mwisho kutetemeka hukoma, jambo ambalo huonekana kama nafuu na kumbe ni dalili mbaya zaidi. Kwa sababu akili huathirika pamoja na mwili, mgonjwa hukanusha, na ndiyo maana kila mkimbiaji ana wajibu juu ya aliye jirani yake. Ukimuuliza mtu jina la kituo alichotoka na akashindwa kulitaja, mbio zake na zako zimesimama. Avishwe nguo kavu, afunikwe blanketi jepesi la dharura linalong'aa, apewe kitu kitamu cha moto ikiwa anaweza kumeza vizuri, asiachwe peke yake, na waandaaji wapigiwe simu. Simu nayo, kama betri ya taa, ilale karibu na kifua, la sivyo itazimika siku inapohitajika.

Kwa aliyetunza pumzi na mapaja, mashindano huanza kwa kweli baada ya Soucieu. Hapo ndipo mbinu dhidi ya wengine zina maana, nazo ni chache. Kumfuata mtu mwenye mwendo sawa huokoa akili, kwa kuwa hukuachia kazi ya kutazama miguu yake badala ya kutafuta njia, na kwenye upepo wa ana kwa ana humkinga wa nyuma, ingawa ni uungwana kupokezana. Kumpita mtu kufanywe kwa uamuzi mmoja, mahali ambapo njia imepanuka, kwa kasi inayoshikika kwa dakika mbili baada ya kumpita, vinginevyo ni kubadilishana nafasi na kuchoshana. Na kilima cha mwisho kiwekwe akilini tangu mwanzo, maana baada ya Chaponost, ambako mabaki ya mfereji wa maji wa Warumi yanasimama kando ya njia, mkimbiaji huiona Lyon chini yake na kudhani kwamba amefika, kisha njia hushuka hadi Beaunant na kupanda tena kwa ukali kuelekea Sainte-Foy-lès-Lyon. Wengi walioweka kila kitu katika mteremko uliotangulia husimama hapo wakishika magoti. Aliyebakiza kidogo hupanda kwa kutembea imara, hushuka ngazi za mji kwa uangalifu kwa kuwa umande huganda juu ya jiwe, na kuvuka mito miwili, Saône kisha Rhône, kwenye tambarare ambako kwa mara ya kwanza katika usiku mzima anaweza kutumia chochote kilichobaki bila kuuliza bei.

Akishavuka mstari, jiko huzimika ndani ya dakika chache na nguo zake zote zimelowa. Mfuko wa nguo kavu upangwe tangu nyumbani kwa mpangilio wa kuvaliwa, fulana ikiwa juu kabisa, chini yake kofia, kisha suruali, na soksi mwisho, kwa sababu vidole vitakavyoufungua asubuhi hiyo havitaweza kutafuta.